Kata Isiyo na Shida

Siku Mizani, mashine ya wilaya ya kupima uhitaji, ilipotangaza kwamba Kata ya Mzogho haina shida yoyote, watu wa Mzogho walikuwa bado wanapongezana. Walifagia wiki nzima, jamani! Waliposikia kwamba Jicho litapita kukagua barabara, Mzee Kihedu alipanda kwenye jiwe lake juu ya zahanati, akapuliza pembe ya msaragambo, ya kuita kazi ya pamoja, na kila nyumba ikatoa watu. Mwenye jembe alikuja na jembe, mwenye karai na karai. Wakashuka hadi Kona ya Mfinyanzi, wakaziba makorongo yote kwa mawe na kifusi, kama walivyozoea kufanya tangu babu zao. Wengine wakapanda maua ya njano kandokando. Na kuna mama mmoja alideki daraja. Daraja la zege, nje, analideki kwa sabuni na tambara, eti kuna mgeni anakuja kutoka wilayani.

Mgeni akaja kweli. Jicho lilikuwa chombo chenye mapanga manne, ukubwa wake kama sinia la pilau. Likaelea juu ya barabara dakika kumi na moja, likapiga picha, likaondoka. Watu wakalipungia mikono mpaka likapotelea kwenye ukungu.

Siku tisa baadaye Diwani Nakunde alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa Baraza la Madiwani, kule chini tambarare, akisikiliza matunda ya usafi ule.

"Kata ya Mzogho," ilisema Mizani kwa ile sauti yake ya mwalimu mpole. "Barabara: njema. Madaraja: safi sana. Alama ya uhitaji: mbili kati ya mia. Fungu la jamii limesitishwa. Kata inapandishwa hadi daraja la tatu la kodi. Kobe atahamishiwa kata yenye uhitaji zaidi kuanzia tarehe mosi. Hongereni."

Hongereni! Nakunde alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyesomewa jina kwenye orodha ya wafu akiwa hai.

Zamani, hivyo walivyosimuliana madiwani wakongwe, fungu la jamii liligombewa kwa mdomo. Mwenye sauti nene na mjomba mkubwa serikalini aliondoka na barabara, na mpole alirudi kwao na ahadi. Ndipo ikaletwa Mizani. Haikuwa na mjomba, wala haikunywa chai ya mtu. Kila mwaka ililituma Jicho lake kata kwa kata, maana milima ile ilifunikwa mawingu na setilaiti haikuambulia kitu. Kutokana na picha za Jicho, Mizani iliipa kila kata alama, na alama hiyo ndiyo iliyoamua fungu, kodi na usafiri. Diwani alibakiziwa vitu viwili: kauli ya dakika tano, na pingamizi moja kwa mwaka. Lakini pingamizi lilikuwa na miiba. Likionekana si la kweli, kata hufungwa mdomo miaka miwili.

Nakunde akabonyeza kitufe chekundu. Hakuwa hata amefikiri.

"Napinga," alisema. "Barabara ya Mzogho si njema. Tuliifagia kwa sababu mlisema mnakuja."

Ukumbi ukaangua kicheko. Diwani mmoja wa tambarare akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika na wote, "Sasa huyu analalamika kwamba kwao ni kuzuri."

"Pingamizi limepokelewa," ilisema Mizani. "Jicho litarudi Alhamisi ya wiki ya pili, kati ya saa tatu na saa sita. Baraza litakaa siku hiyohiyo, saa nane mchana."

*

Yafaa ijulikane Kobe alikuwa nani. Alikuwa gari la umeme la magurudumu sita, lisilo na dereva, lenye viti kumi na viwili na tabia ya kizee. Alipanda mlima polepole hata kuku walimpita, na kila kona aliwaambia abiria, "Tafadhali fungeni mikanda." Kwa shimo lolote la kupita goti alisimama, akawasha taa ya njano, na hapo hata umlilie, hapiti. Ndivyo alivyotengenezwa. Lakini kabla ya Kobe, mgonjwa wa Mzogho alishushwa kwa machela, na wengine walifia njiani. Nakunde aliwajua kwa majina.

Na nyumbani kwake kulikuwa na abiria wa Kobe wa kila Jumatatu na Alhamisi: mama yake mzazi, Bibi Nambike, ambaye figo zilimgomea miaka mitatu sasa, na alikuwa akishuka hospitali ya wilaya kusafishwa damu. Kobe akihama, Bibi Nambike hana cha kumshusha. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi hivyo, na Nakunde alirudi nayo mlimani.

Jioni ileile wakakutana kwenye ofisi ya kata. Senkoro, mtendaji, kijana mwenye akili za haraka na viatu visivyopata tope, alikuwa na jibu tayari.

"Mheshimiwa, hili ni dogo. Mashimo tuliyaziba wenyewe. Tunayafukua wenyewe. Mawe ni yetu, jasho ni letu. Jicho likija, linakuta makorongo, basi."

"Tufukue barabara?" Mzee Kihedu alishika kichwa. Pembe ilikuwa begani mwake, kwani mzee yule hakuachana nayo hata akienda chooni. "Mgeni aje atukute tumekaa kwenye mashimo tuliyochimba kwa mikono yetu?"

"Ndiyo hali halisi, mzee wangu. Tunairudisha tu."

Watu walianza kuitikia kwa vichwa, na Nakunde, kusema kweli, naye kichwa kilitaka kuitikia. Si uongo kamili, alijiambia. Mashimo yalikuwapo. Lakini alijiona amesimama mbele ya Baraza, akiulizwa nani kachimba, na akajua ulimi wake ungemsaliti palepale.

"Hatuchimbi," alisema. "Wala hatuzibi. Mvua ndiyo imeanza. Tunaiacha barabara peke yake kwa wiki mbili, na itakavyokuwa, ndivyo Jicho litakavyoiona. Atakayegusa jiwe nitampeleka baraza la kata, hata awe mjomba wangu. Mzee Kihedu, pembe ipumzike."

Mzee Kihedu alimtazama kama aliyeambiwa asipumue. "Mheshimiwa, na wanaoumwa?"

Kila mtu alijua anamuuliza habari ya nani. Nakunde alijibu bila kuinua macho, "Watabebwa."

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake kashapata habari, maana Mzogho habari hazihitaji umeme. "Kwa hiyo mimi ndiye kielelezo," alisema Bibi Nambike, akimenya ndizi. "Haya. Ila mwambie huyo Jicho anipige picha upande huu, huku meno yapo."

*

Wiki mbili za kukaa bure ziliwatesa watu kuliko msaragambo wenyewe. Mvua ilipiga. Kifusi kikateremka, mawe yakabiringika chini ya kona, maua ya njano yakaenda na maji. Watu walipita pale na kugeuza nyuso, kama wanaompita mtu aliyedondokwa na kanga hadharani. Siku ya tano Nakunde alimfuma mwalimu mstaafu akiangusha mawe mawili shimoni kutoka mfukoni mwa koti.

"Mwalimu!"

"Yameponyoka, mheshimiwa."

"Yote mawili?"

Mwalimu akashuka, akayaokota, akaondoka nayo akiyapapasa mfukoni.

Jumatatu ya mwisho Kobe alifika Kona ya Mfinyanzi, akawasha taa ya njano, akasema, "Samahani, njia haipitiki." Vijana wanne wakamvusha Bibi Nambike kwa machela na kumteremsha hadi lami, saa mbili na nusu za kuteleza. Hospitalini walikuta zamu yake imepita. Akawekwa kwenye mashine nusu ya muda wake, akarudishwa. Usiku ule na uliofuata alikohoa tu, na kulipokucha Jumatano miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia.

"Alhamisi isikose," muuguzi alimwambia Nakunde kwenye simu. "Nakuambia wewe kama mtoto wake, si kama diwani. Isikose."

*

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, korongo la Kona ya Mfinyanzi lilikuwa limemeza nusu ya barabara, na Kobe alikuwa amesimama mbele yake, taa ya njano ikiwaka. Kina chake kilimpita mtu mzima kiunoni. Ukingo ulikuwa mfinyanzi mtupu, mwekundu, unaoteleza kama sabuni. Jicho lingekuta alichosema Nakunde, neno kwa neno. Wiki mbili alikuwa ameomba liwe hivyo.

Vijana wa machela wakajaribu kushuka. Wa mbele akateleza, akazama hadi mapajani, machela ikainama upande, na Bibi Nambike akashika hewa. Wakamdaka. Wakajaribu upande wa juu, ukingo ukamong'onyoka. Wakarudi, wakamweka chini, wakatazamana wakihema.

"Ngojeni," alisema Bibi Nambike. Pumzi zake zilikuwa fupi, lakini mdomo haukuwa umevimba. "Huyo mdudu wenu si anakuja saa tatu? Aje aone, aende zake, ndipo mzibe. Mimi nitamsubiri. Nimemsubiri baba yako miaka saba arudi kutoka mashambani, sembuse sinia linaloruka."

"Anaweza kuja saa tatu, mama. Anaweza kuja saa sita."

"Basi saa sita."

Nakunde alimtazama mama yake miguuni. Akamtazama usoni, jinsi midomo ilivyokuwa na rangi ya majivu. Akiziba sasa, Jicho litakuta barabara njema kwa mara ya pili, pingamizi litakuwa la uongo, kata itafungwa mdomo, na Kobe ataondoka Jumapili ijayo, tarehe mosi. Akisubiri, mama yake atasubiri naye, na kuna kusubiri kwingine watu hawaamki. Na kama mgonjwa angekuwa mama wa mwingine? Alijiuliza hilo kwa haraka, kwa sababu alijua ataulizwa. Jibu lilikuwa lilelile, na lilimwaibisha kwamba lilichukua wiki mbili kumfikia.

"Mzee Kihedu yuko wapi?"

Alikuwa hatua kumi nyuma yake, kumbe, pembe mkononi, amefuatana nao tangu juu bila kuitwa.

"Piga," alisema Nakunde.

"Mheshimiwa, umesema..."

"Najua nilichosema! Piga pembe, mzee wangu, mama yangu anakufa hapa!"

Mzee Kihedu akaipuliza. Ee, aliipuliza! Wiki mbili za pumzi alizozibana zilitoka zote mara moja. Na kumbe watu wa Mzogho walikuwa wamelala na majembe mlangoni, maana hata mwangwi haujaisha, wameshaonekana wakishuka kwenye migomba. Mwalimu mstaafu alikuja na mawe yake mawili. Senkoro akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe kwa heshima, akaingia topeni na soksi. Nakunde alikuwa wa kwanza korongoni, gauni kalifunga kiunoni. Hawakuulizana mambo ya kodi. Wakapanga mstari, mawe yaliyobiringika yakaanza kupanda tena mkono kwa mkono, makubwa chini, madogo juu, kifusi katikati. Mtu akaanzisha wimbo wa kazi, na wengine wakapokea.

Ilikuwa saa tatu na dakika chache Nakunde aliposikia mvumo juu ya kichwa.

Jicho lilikuwa limefika. Lilishuka chini kuliko siku zote, likasimama hewani juu ya mstari wa watu, taa yake ndogo ikipepesa. Korongo lilikuwa limejaa nusu.

"Karibu!" mtu akaliita, na mama yule wa daraja akachomoa tambara kiunoni na kumfuta mtoto wake uso, asionekane mchafu mbele ya mgeni.

Nakunde alilitazama, jiwe likiwa mikononi. Angeweza kuwaambia waache hapohapo, shimo lingali shimo. Alipitisha jiwe kwa aliyefuata.

Baada ya dakika thelathini na nane za kazi Kobe alizima taa ya njano. "Asanteni," alisema. "Tafadhali fungeni mikanda."

*

Ndani ya Kobe, akimshikilia mama yake begani, Nakunde alilia kama mtoto. "Nimewaponza watu wote, mama. Nimewanyima kila kitu."

"Umewanyima nini? Walikuwa wanaimba," alisema Bibi Nambike, macho kafumba. "Futa kamasi. Unakwenda barazani."

Alimwacha kwenye mashine, mirija imeshaunganishwa, muuguzi kamwonyesha kidole gumba. Hilo moja limepona, alijiambia, na saa nane akaingia ukumbini na mabuti ya tope. Madiwani wakampisha njia, zaidi kwa ajili ya viti vyao.

"Pingamizi la Mzogho," ilisema Mizani. "Diwani, una kauli?"

Alikuwa ameandaa ukurasa mzima. Aliukunja. "Nilisema barabara yetu si njema. Mlipokuja mmetukuta tunaitengeneza. Nilikataza watu wasiiguse, halafu nikawaruhusu mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa wa kupita. Alikuwa mama yangu. Kama kuna kosa ni langu, kata msiifunge mdomo. Nimemaliza."

Watu wakaanza kuinua vichwa kutoka kwenye simu zao.

"Nimehesabu watu mia mbili na kumi na sita," ilisema Mizani. "Mwanzo wa picha, barabara haipitiki. Mwisho wa picha, inapitika. Nimefungua picha za miaka sita nyuma. Katika kila mwaka mawe ni yaleyale, yamepangwa upya siku chache kabla sijafika. Sheria inanitaka kutoa taarifa siku saba kabla ya ukaguzi. Kabla ya leo sijawahi kuiona barabara ya Mzogho. Nimekuwa nikipima msaragambo."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Pingamizi ni la kweli. Kobe anabaki. Daraja la kodi linarudi la kwanza, na siku za msaragambo zitahesabiwa kuwa kodi iliyokwisha kulipwa. Fungu la jamii linarudishwa, ila linatosha makalavati ya kupitisha maji ya kona moja tu kwa mwaka huu. Mafundi watafika Jumatatu. Kona zilizobaki zitasubiri."

Nakunde alikaa. Akajikuta anacheka na kulia kwa wakati mmoja mbele ya wilaya nzima. Yule diwani wa tambarare akamsogezea glasi ya maji.

"Swali moja, Diwani," ilisema Mizani. "Mwakani mngependa nije lini?"

"Siku yoyote. Ila usipige hodi."

"Hilo linahitaji pendekezo la kubadili sheria."

"Basi napendekeza!"

Diwani wa tambarare akanyoosha mkono kabla ya wengine wote. "Naunga mkono," alisema, na alionekana kushangaa mwenyewe.

*

Walirudi mlimani jioni, Bibi Nambike ameketi wima, rangi imemrudia, akimgombeza Kobe kwa kila mkanda. "Nimefunga! Mara ngapi nikuambie?" Nakunde alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio aliyodhani imekufa. Habari alishawapigia simu watu wa juu, na Senkoro alipiga ukelele mpaka simu ikakwaruza.

Kabla ya Kona ya Mfinyanzi wakasikia pembe.

Nakunde akaruka kitini. Kobe aliposimama, watu walikuwa wamejaa tele barabarani. Mzee Kihedu alikuwa juu ya jiwe kando ya barabara, mashavu yamemjaa. Mwalimu mstaafu alikuwa anapanda maua ya njano. Na yule mama alikuwa amepiga magoti darajani, ndoo pembeni, sabuni inatoa povu.

"Jamani!" Nakunde aliteremka mbio. "Mnafanya nini tena?"

"Mafundi si wanakuja Jumatatu, mheshimiwa?" alisema yule mama bila kuacha kusugua. "Waje watukute hivi?"

Nakunde alifungua mdomo ili afoke. Picha Mizani inazo, mawe mafundi wataonyeshwa, shimo linajulikana lilipo. Hakukuwa tena na cha kuogopa. Akaketi palepale kandokando ya barabara, topeni, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Dirisha la Kobe likafunguliwa.

"Nakunde!" aliita Bibi Nambike. "Usikae hapo kama mgeni. Mshikie mwenzio ndoo."

Akainuka, akaishika ndoo.